Picha ya Ellen Terry si ya Sargent peke yake

Mwaka 2024 jumba la sanaa la Tate Britain, jijini London, lilifanya maonyesho ya kazi za mchoraji John Singer Sargent kwa namna iliyowaudhi baadhi ya wahakiki. Badala ya kutundika picha tu, waandaaji walitafuta nguo halisi walizovaa watu aliowachora, wakazisimamisha ndani ya vioo karibu na picha zenyewe. Miongoni mwake lilikuwamo gauni la kijani la mwigizaji Ellen Terry, alilolivaa alipoigiza Lady Macbeth, na karibu yake picha maarufu aliyochorwa akiwa ndani ya gauni hilohilo mwaka 1889. Magazetini walijitokeza waliosema kwamba nguo kuukuu zinamwondolea mtazamaji umakini, kwamba watu huenda makumbusho kutazama brashi ya mchoraji wala si kabati la nguo, na kwamba Sargent ameshushwa hadhi. Kwa baadhi ya picha zake lawama hiyo ina uzito fulani. Kwa picha hii haina. Gauni lilistahili kuwa pale, na kama kuna kosa lililofanyika miaka hii yote, ni kuizungumzia picha hiyo kana kwamba ilitoka kichwani mwa mwanamume mmoja. Ni kazi ya watu wanne, watatu kati yao wanawake, na mmoja wa wanawake hao ndiye tunayemwona amesimama ndani yake.

Ukiitazama picha yenyewe, kwanza unakutana na ukubwa. Ina kimo cha sentimita 221, kwa hiyo Terry anasimama mbele yako akiwa mrefu kuliko wewe. Mikono yote miwili ameiinua, imeshika taji la dhahabu juu tu ya utosi. Nywele nyekundu zimesukwa mikia miwili minene iliyozungushiwa utepe wa dhahabu, inateremka kifuani na kiunoni hadi karibu na magoti. Mikono ya gauni ni mipana kupita kiasi, inaning'inia kama mapazia, na kijani chake kinachanganyika na bluu, kinang'aa mahali na kufifia mahali. Uso umepauka, macho yamekodolewa kuelekea kitu ambacho sisi hatukioni. Hakuna chumba nyuma yake, hakuna kiti cha enzi wala watumishi. Kila kinachotuambia huyu ni nani na yuko wapi kimo mwilini mwake: nywele, taji, na nguo. Ondoa nguo hiyo, uweke gauni jeusi la jioni, na utabaki na mama wa Kiingereza anayejaribu kofia ya ajabu.

Basi inafaa kuuliza nguo hiyo ilitoka wapi. Ilibuniwa na Alice Comyns Carr, rafiki wa Terry aliyekuwa akimbunia mavazi ya jukwaani. Henry Irving, mkuu wa Lyceum Theatre na mwigizaji mwenza wa Terry tangu 1878, alikuwa akiandaa Macbeth kwa gharama kubwa, hata muziki wake akautunga Arthur Sullivan. Comyns Carr alitaka gauni litakaloonekana kwa mbali, chini ya taa za jukwaa, kama deraya laini ya minyororo na papo hapo kama magamba ya nyoka. Kitambaa cha aina hiyo hakikupatikana London. Fundi wake, Ada Nettleship, ndiye aliyepata nyuzi alizozitaka kutoka Bohemia, za kijani laini zilizosokotwa pamoja na uzi wa bluu unaometa. Gauni likafumwa kwa mkono, kwa kulabu, kama vile watu wanavyofuma vitambaa vya mezani, lakini kwa ukubwa wa mwanamke mrefu na mikono inayofika chini. Bado halikung'aa vya kutosha. Comyns Carr akakumbuka gauni alilowahi kuliona kwa Lady Randolph Churchill, mama yake Winston, lililopambwa kwa mbawa za mbawakawa. Zikatafutwa takriban 1,000, zile mbawa ngumu za juu zenye kijani cha metali, zikashonwa moja moja juu ya mfumo wote. Pindo likatiwa nakshi za Kiselti na vito vya bandia.

Nettleship hakuwa mshonaji wa mtaani asiyejulikana. Ndiye aliyelishona gauni la harusi la Constance Lloyd alipoolewa na Oscar Wilde mwaka 1884. Mumewe alikuwa mchoraji wa wanyama, na leo mume huyo ana ukurasa katika kamusi za wachoraji, wakati mke, aliyefanya kazi iliyotazamwa na umati usiku baada ya usiku, kwa kawaida hutajwa katika sentensi moja ya kupita. Sisemi hili kwa kuwahurumia wanawake wa zamani. Nalisema kwa kuwa linahusu moja kwa moja jinsi tunavyoitazama picha: rangi ile ya kijani na bluu ambayo wahakiki huisifu kwa Sargent ilichaguliwa kabla hajashika brashi.

Usiku wa kwanza wa mchezo, mwishoni mwa Desemba 1888, Sargent alikuwa miongoni mwa watazamaji. Terry alipotokea ndani ya gauni lile, mchoraji alishtuka, na kabla ya muda mrefu kupita alikuwa ameshaamua kumchora. Alikuwa mtu wa miaka 32, Mmarekani aliyezaliwa Florence, aliyehamia London baada ya kukumbwa na kashfa Paris. Huko, mwaka 1884, alionyesha picha ya Virginie Gautreau, mrembo aliyekuwa gumzo la mji, ambayo leo inaitwa Madame X. Utepe mmoja wa gauni lake jeusi ulichorwa umeteleza begani, na Paris ikapiga kelele. Sargent baadaye aliuchora upya utepe ule ukiwa mahali pake, akaitunza picha miaka mingi, na mwaka 1916 akaiuza kwa Metropolitan Museum ya New York. Kilichopata hasara ni jina la Gautreau. Picha hizi mbili hutajwa pamoja mara nyingi, wanawake wawili mashuhuri na mchoraji mmoja, lakini mazingira yake yanatofautiana kabisa. Gautreau alikaa akachorwa, kisha akagundua mbele ya umma jinsi alivyoeleweka. Terry alikwenda studio ya Sargent, Tite Street, akiwa tayari amevaa hoja yake. Wilde, aliyekuwa akiishi mtaa huo, alimwona siku moja akifika kwa gari la farasi akiwa na mavazi yote ya Lady Macbeth, na akaandika kwa mzaha kwamba mtaa uliopata kuona jambo kama hilo asubuhi ya mvua hauwezi tena kuwa mtaa wa kawaida.

Sasa tuje kwenye taji. Wasomaji wa Kiswahili walioifahamu tamthilia hii kupitia tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1968, wanaweza kuipekua yote na wasimwone mke wa Macbeth akijivika taji kwa mikono yake. Shakespeare hakuandika tukio hilo. Kutawazwa kwa Macbeth kunafanyika nje ya jukwaa, tunakusikia tu midomoni mwa wengine. Hata Irving hakuliweka katika maandalizi yake. Sargent mwenyewe kwanza alifikiria tukio ambalo watazamaji wa Lyceum walikuwa wameliona: Lady Macbeth akitoka kasrini kumpokea Mfalme Duncan, mgeni atakayeuawa usiku huohuo. Upo mchoro wake wa tukio hilo kwa rangi za kijivu, umehifadhiwa National Portrait Gallery. Una watu wengi, una mwendo, ungeweza kuwa kumbukumbu nzuri ya mchezo. Aliuacha, akachora kitu ambacho hakikutokea.

Hapa ndipo mpinzani wa hoja yangu anapopata silaha yake bora. Atasema: kama tukio hilo halimo katika tamthilia wala halikuwamo katika uigizaji wa Terry, basi ni ubunifu wa mchoraji, na picha ni yake. Tena inampinga mwigizaji. Maana sifa kuu ya Lady Macbeth wa Terry ilikuwa upole wake. Tangu enzi za Sarah Siddons, aliyetikisa majukwaa ya London karne moja kabla, watu walizoea kumwona Lady Macbeth kama jitu la kike, mwanamke wa chuma anayemburuta mumewe kwenye damu. Terry alimwigiza kama mke anayempenda mume kupita kiasi, mwenye mishipa ya fahamu kuliko misuli, anayevunjika pale mume anapoacha kumhitaji. Wengi walikerwa. Kwa maelezo ya Terry mwenyewe, walikuwapo waliomchukia katika nafasi hiyo na walikuwapo, Irving akiwa mmoja wao, walioiona kuwa bora kuliko zote alizowahi kuigiza, na wahakiki wakabishana vikali. Sasa mke huyo mpole anaonekanaje akinyakua taji kama mnyang'anyi?

Jibu la kwanza liko usoni mwake. Mtu anayenyakua hufurahi, au angalau hukaza taya. Terry wa Sargent hafanyi hivyo. Taji bado halijagusa nywele, na macho yameshaogopa. Anaonekana kama mtu aliyelisikia jambo likimfuata nyuma wakati mikono ikiwa bado juu. Mwanamke wa chuma wa mapokeo ya zamani asingekuwa na macho hayo. Mke aliyejengwa na Terry anayo, kwa sababu ndiye atakayekuja kutembea usingizini akisugua damu isiyotoka. Sargent amezikusanya nyakati mbili ambazo katika mchezo zinatenganishwa na matendo kadhaa, tamaa ya mwanzo na hofu ya mwisho, akaziweka katika mwili mmoja. Na jambo hilo, la kuonyesha kwamba tamaa na hofu zilikuwa pamoja tangu mwanzo, ndilo hasa Terry alilokuwa akilitetea.

Jibu la pili ni la Terry mwenyewe. Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa mwaka 1908, alieleza kwamba picha ile ilidokeza yote ambayo angependa kuyafikisha kwa uigizaji wake. Mwigizaji aliyepingwa na picha haongei hivyo. Tukumbuke pia kwamba uigizaji wa wakati ule haukuwa na njia ya kujihifadhi. Mapazia yakifungwa, kilichobaki ni magazeti, na magazeti yalikuwa yamegawanyika. Picha ya mafuta yenye zaidi ya mita mbili ilikuwa njia ya kulijibu gazeti kwa lugha ambayo gazeti haliwezi kuijibu.

Na kwamba ilikuwa jibu, si bahati tu, kunaonekana ukifuatilia ilikoonyeshwa. Picha ilitundikwa mwaka 1889 katika New Gallery, jumba lililofunguliwa Regent Street mwaka mmoja tu uliotangulia. Wakurugenzi wake walikuwa Charles Hallé na Joseph Comyns Carr. Huyu wa pili ni mume wa Alice, mbunifu wa gauni. Mwaka huohuo Joseph Comyns Carr alichapa kijitabu kuhusu Macbeth na mkewe, kilichoitetea tafsiri ya Lyceum dhidi ya mapokeo ya zamani. Kwa hiyo katika msimu mmoja mtu wa London angeweza kumwona Terry jukwaani, akasoma utetezi wake katika kijitabu, kisha akaenda kulitazama gauni likiwa katika fremu ya dhahabu ndani ya jumba linaloongozwa na nyumba ileile. Leo tungeiita kampeni. Terry aliandika kuwa watu walikuwa wakijazana mbele ya picha huku maoni yakigongana, na sioni dalili kwamba mgongano huo ulimkera. Hata rangi zake zilipita katika mikono mingi: mchoraji Edward Burne-Jones alishauri marekebisho mawili matatu, na Sargent, kwa ushahidi wa Terry, aliyakubali papo hapo. Mtu anayetaka kuniuzia habari ya fundi mpweke na kipaji chake itabidi aifute sentensi hiyo ya Terry kwanza.

Pingamizi jingine ni la jumla zaidi. Kila mtu anayechorwa huvaa kitu, watasema, na hatuandiki jina la fundi cherehani chini ya kila picha. Kweli. Lakini tofauti inaonekana ukiiweka picha hii kando ya nyingine ya mwanamke huyuhuyu, iliyochorwa miaka 25 kabla. Mwezi Februari 1864 Ellen Terry, akiwa hajatimiza miaka 17, aliolewa na mchoraji G. F. Watts, aliyekuwa na miaka 46. Mwaka huo Watts akamchora katika picha iitwayo Choosing. Binti amevaa gauni lake la harusi, lililobuniwa na mchoraji mwingine, William Holman Hunt. Amefumba macho karibu kabisa, akinusa ua la kamelia, ambalo ni zuri lakini halina harufu, huku katika kiganja kingine ameshika urujuani mnyenyekevu wenye harufu tamu. Maana yake imewekwa wazi hata mtoto ataielewa: msichana huyu lazima achague kati ya fahari tupu ya ulimwengu na wema uliojificha, na mume yupo kumfundisha. Ni picha nzuri, sibishi. Lakini ndani yake Terry hana analosema. Gauni ni la mwanamume, maua ni ya mwanamume, fumbo ni la mwanamume, na jibu sahihi limeshaamuliwa. Ndoa ilivunjika kabla ya mwaka kwisha.

Mwanamke wa 1889 ana miaka 42. Ameshaishi na mwanamume mwingine, msanifu majengo Edward Godwin, akazaa naye watoto wawili nje ya ndoa katika Uingereza ya Malkia Victoria, akarudi jukwaani kwa kuwa fedha zilihitajika, na akawa mwigizaji anayependwa kuliko wote nchini mwake. Nguo aliyovaa imebuniwa na rafiki yake kwa ajili ya kazi yake. Mhusika anayemwonyesha amemfikiri mwenyewe, usiku na mchana, na nakala zake za tamthilia zilizojaa maandishi pembeni zipo hadi leo. Mchoraji ndiye aliyemfuata yeye. Ndiyo maana nasema swali la nani alivaa nini haliko sawa katika picha zote. Katika Choosing gauni ni sehemu ya mahubiri ya Watts. Katika picha ya Sargent gauni ni usemi wa wanawake watatu, na mchoraji amekuwa msikilizaji hodari.

Hodari, tena sana, na hili halipaswi kufichwa ili hoja yangu ipendeze. Ukiikaribia picha, zile mbawa za mbawakawa zinatoweka. Hakuna mbawa hata moja iliyochorwa kwa ukamilifu. Kuna mikwaruzo ya kijani, alama nyeupe zilizodondoshwa haraka, bluu iliyoburutwa juu ya rangi ambayo haijakauka. Rudi nyuma hatua nne, mbawa zinarudi na kumeta. Nettleship alishona zile mbawa moja moja. Sargent alijua kwamba jicho halizioni moja moja, linaona mmeto, na akauchora mmeto. Anayesema gauni bila brashi ni nguo tu ndani ya kioo ana haki kiasi hicho. Lakini ustadi huo wa Sargent unaonekana vizuri zaidi gauni likiwa pale. Ni kwa kulinganisha ndipo unatambua alichokiacha, alichokikuza, na jinsi alivyoirefusha mikono ya gauni hadi ikawa kama nguzo zinazomshikilia mwanamke asianguke. Mtu anayeogopa kwamba kitambaa kitaishinda picha hana imani ya kutosha na picha.

Ninachokitaka ni kidogo na hakigharimu kitu. Maelezo ya ukutani kando ya picha hii yaanze na majina manne: Ellen Terry, Alice Comyns Carr, Ada Nettleship, John Singer Sargent, kila moja na kazi yake. Filamu zetu zote hutaja mbunifu wa mavazi na hakuna anayedhani mwongozaji ameibiwa. Wanaohofia kwamba tutaishia kumtaja msaga rangi na muuza turubai wana kipimo rahisi cha kutumia: je, ukimwondoa mtu huyo, picha ingekuwa picha nyingine? Kwa muuza turubai, hapana. Kwa Comyns Carr na Nettleship, ndiyo, bila shaka yoyote.

Picha na gauni viliachana mapema. Picha iliingia mikononi mwa Irving, akaitundika katika chumba cha ndani ya Lyceum alimokuwa akiwakaribisha wageni mashuhuri kwa chakula cha usiku baada ya mchezo. Alipofariki mwaka 1905 mali zake zikauzwa, na mfanyabiashara wa sanaa Joseph Duveen akaitoa picha zawadi kwa taifa mwaka 1906. Gauni lilibaki kazini. Liliendelea kuvaliwa, likachakaa, likarekebishwa, mbawa zikakatika. Lipo Smallhythe Place, nyumba ya Terry katika kaunti ya Kent, na kati ya 2006 na 2011 Zenzie Tinker na wenzake huko Brighton walitumia zaidi ya saa 1,300 kulirudisha katika umbo lake, wakiunganisha mbawa zilizovunjika kwa karatasi nyembamba ya Kijapani. Kwamba lilikuwapo la kurudishwa ni kwa sababu ya binti wa Terry, Edith Craig, aliyeigeuza nyumba hiyo kuwa makumbusho baada ya mama yake kufariki mwaka 1928 na kuikabidhi kwa National Trust mwaka 1939. Craig naye alikuwa mbunifu wa mavazi ya jukwaani, na alijua vizuri nguo hiyo ni kitu gani wakati makumbusho makubwa ya London yalikuwa yakihesabu picha tu.